Maneno kwa Wajumbe Wetu Waendao Ng'ambo

Hotuba ya padre mzee mmoja kwa wajumbe watano wa kazi za maendeleo, siku ya mwisho ya maandalizi yao



Baba Askofu ameniagiza niseme nanyi kabla hamjaondoka kwenda Uingereza, na sababu aliyonipa ni fupi: mimi nimekwisha kwenda na kurudi. Sikuitwa kwa kuwa nilikwenda vyema; hayo mtayasikia mbele. Lakini mzee aliyejikwaa njiani huweza kuwafaa waendao nyuma yake, maana alijua jiwe lilipo.

Mwaka huu kwetu ni mwaka wa Jubilee, na kila mtu asema habari za shukrani na karamu. Ni haki. Walakini katika Torati Jubilee haikuwa karamu tu. Ulikuwa mwaka wa kurudisha: shamba lirudi kwa mwenyewe, na mtumwa arudi kwa jamaa zake. Basi nami leo, pamoja na kuwapa ninyi maonyo, nataka kurudisha kitu nilichokichukua kwa mtu bila haki.

Neno la kwanza: ninyi si wa kwanza

Wengi hudhani ya kuwa safari za watu wetu kwenda Ulaya zilianza na ndege. Sivyo. Daktari Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, mwaka 1873, watu wake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua mabegani miezi mingi, hata wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Katika watu wale walikuwamo Abdallah Susi, na James Chuma, na Jacob Wainwright. Aliyepandishwa meli pamoja na mwili ni Jacob peke yake, naye ndiye aliyehudhuria maziko katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma, walioongoza msafara ule, walipewa mshahara wao wakaachwa pwani. Baadaye rafiki mmoja wa marehemu akawalipia nauli, wakafika Uingereza maziko yamekwisha.

Hata hivyo safari yao haikuwa bure. Padre Horace Waller, aliyekuwa zamani mmoja wa watu wa Misheni ya UMCA, alikuwa akitengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, na katika daftari zile yalikuwamo mengi asiyoweza kuyafahamu peke yake. Wale wawili wakakaa naye, wakamweleza mito na vijiji na majina ya watu, na jinsi bwana wao alivyokufa. Kitabu kikatoka mwaka ule ule.

Angalieni mambo mawili katika habari hii. La kwanza, Susi na Chuma hawakwenda kuomba. Walikwenda kushuhudia, maana walikuwa na maarifa ambayo Mzungu mwenye vitabu vyote hakuwa nayo. La pili, waliochukua mzigo ndio walioitwa mwisho. Desturi hii ni mbaya, nasi wenyewe tumeifuata. Kwa miaka mingi tumepeleka ng'ambo watu wajuao Kiingereza, tukawaacha nyumbani wale wachukuao mzigo. Safari hii yupo pamoja nanyi Bibi mweka hazina wa kamati ya maji. Kiingereza chake ni haba, lakini ajua ndoo ngapi hutoka kisimani kwa siku, na nani amelipa, na nani hajalipa. Padre na Mwalimu, nawasihi: Bibi akisema, mfasirini neno kwa neno. Msimsemee ninyi.

Baada ya wale walikwenda wengine. Cecil Majaliwa, aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, alisoma Kiungani, Unguja, kisha akapelekwa kusoma Canterbury. Alirudi, akaenda kufanya kazi Chitangali, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni ile. Hakubaki Canterbury, alikwenda kukaa bara pamoja na Wayao.

Tena mwaka 1931 watu watatu wa Tanganyika walikwenda London: Mtemi Makwaia wa Usiha, na Francis Lwamgira wa Bukoba, na Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani. Waliitwa mbele ya Halmashauri ya Bunge, waulizwe kama nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya utawala mmoja. Walitoa ushahidi wao kwa adabu na kwa ujasiri, na Halmashauri ile mwishowe ikasema wakati wa kuziunganisha haujafika. Kayamba aliporudi hakunyamaza. Aliandika kwa Kiswahili habari za safari yao, nacho kitabu kikapigwa chapa mwaka 1932, ili aliyebaki nyumbani naye ajue. Basi, nanyi mwaingia katika njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wa heshima. Msiiharibu.

Neno la pili: mwaenda kufanya nini?

Mwaka 1963 maaskofu, mapadre na walei wa Kianglikana kutoka pande zote za dunia walikutana Toronto, katika Kanada. Hapo ilitolewa kauli kwamba wakati umekwisha wa kuyaita makanisa mengine ya kutoa na mengine ya kupokea. Katika Mwili mmoja wa Kristo kila kiungo hutoa na kila kiungo hupokea, na kila kimoja huwajibika kwa mwenzake. Kauli ile ni nzuri, nasi twaipenda tukiisoma. Lakini tukiisha kupanda ndege tunaisahau, tukajifanya ombaomba, kwa kuwa twaona ndivyo fedha zipatikanavyo upesi.

Wahenga walisema: Mwomba chumvi huombea chungu chake. Sikatai kuomba. Kisima ni chenu, zahanati ni yenu, na anayeona haya kuomba chumvi atakula mboga chapwa. Lakini omba chumvi ukiwa na chungu kilicho motoni, na mboga ndani yake, nawe useme ukweli kipungukacho ni nini. Sasa sikilizeni habari yangu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa wajumbe kama ninyi. Usiku mmoja wa baridi kali nilisimama katika ukumbi wa kanisa, mbele ya watu wapata sitini. Nilianza kusema habari za masomo ya wakatekista na mashamba yetu, nikaona nyuso zao ni za adabu tu. Nikasema kidogo habari za njaa ya mwaka uliopita, nikaona nyuso zikibadilika. Basi nikaongeza. Nilikuwa na picha ya mama mmoja wa mtaa wangu, amempakata mtoto wake mgonjwa. Niliipiga picha ile mwaka wa njaa, na sikumwambia ni ya nini. Nikaiinua mbele yao, nikasema kwamba mama huyu ni mjane, na mtoto wake amekufa.

Ndugu zangu, mume wake alikuwa hai, alikwenda mbali kutafuta mahindi. Na mtoto alipona.

Watu wakalia. Sahani ya sadaka ikajaa. Nami nikarudi chumbani kwangu nikamshukuru Mungu, kana kwamba ni Yeye aliyenipa maneno yale.

Baada ya miaka miwili walikuja wageni kutoka kanisa lile kututazama. Mmoja wao, bibi mzee, alikuwa na picha ile ndani ya fremu, naye akauliza kama yawezekana amwone mjane yule amfariji. Kabla sijapata la kujibu, mama mwenyewe alikuwa amekwisha kufika kisimani pamoja na wenzake, mumewe akija nyuma na jembe begani, na mtoto akikimbia mbele. Akajiona katika fremu. Akamwuliza kijana aliyekuwa akifasiri, ni nini kilichosemwa juu yake, naye kijana, kwa kuwa hakujua jambo, akamwambia yote.

Mama yule hakupiga kelele. Alinigeukia, akasema: "Padre, mimi niliuzwa kwa bei gani?"

Ninyi mwajua neno hilo lina uzito gani katika nchi yetu. Wako kati yetu ambao babu zao walipitishwa njia hizi na kamba shingoni, wakauzwa Kilwa na Unguja. Kanisa lililotuzaa lilijenga altare yake palipokuwa soko la watumwa. Nami, padre wa kanisa lile, nilimpeleka mwanamke huru sokoni ng'ambo, nikachukua bei yake, na yeye asijue.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwao, nikaomba radhi kwake na kwa mumewe. Walinisamehe, lakini mama alitoa sharti moja: wageni waambiwe ukweli, naye awepo akisikia. Kesho yake nikasimama mbele ya wageni na watu wa mtaa, nikasema nilivyosema, na ukweli ulivyokuwa. Bibi mzee aliitoa picha katika fremu, akampa mama kwa mikono miwili. Hakuna aliyedai fedha zirudishwe. Lakini tangu siku ile barua za kanisa lile zilipungua, na ilichukua muda mrefu sana watu wale kuamini tena neno letu. Mtakapofika, wazee wao watalikumbuka jambo hili. Msijifiche. Semeni kwamba padre mwenyewe amelikiri mbele yenu.

Nilimwomba mama yule ruhusa kuisimulia habari hii leo, naye amekubali, mradi nisilitaje jina lake. Hii ndiyo Jubilee yangu: namrudishia heshima yake hadharani, kama nilivyoichukua hadharani.

Kwa hiyo nawapa sheria iliyo nyepesi kukumbuka. Msiseme juu ya mtu wa kwetu neno lolote ambalo hamwezi kulisema naye akiwa ameketi mbele yenu. Na picha yoyote iliyo katika simu zenu ambayo mwenyewe hakuikubali, ifuteni leo kabla ya chakula cha jioni.

Neno la tatu: zawadi na fedha

Fedha zile nilizozipata kwa uongo zilinunua mashine ya maji itumiayo dizeli. Ilifanya kazi mvua mbili. Kisha kikavunjika kipuri kimoja kidogo, na kipuri hicho hakikupatikana katika mji wowote wa kwetu. Mashine ipo mpaka leo chini ya mwembe, na kuku hutagia humo. Kisima kinachowanywesha watu sasa ni kile cha pampu ya mkono, ambayo fundi wake akaa kijiji cha pili, na vipuri vyake vyauzwa mjini.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Wazee wa Nachingwea na Kongwa wamesimulia habari za Mpango wa Karanga. Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947, ikaleta mitambo mikubwa ya kung'oa miti, ikajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda bara. Udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama matofali wakati wa kiangazi, na mvua haikunyesha kama ilivyotumainiwa. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Wenye mpango hawakuwa wapumbavu, wala nia yao haikuwa mbaya. Lakini walifanya haraka, na wakulima wanaoujua udongo ule hawakuulizwa inavyopasa.

Basi, rafiki zetu wakiwaambia, "Twataka kuwapeni kitu hiki," shukuruni kwanza, kisha ulizeni maswali manne. Kikiharibika, nani atakitengeneza? Vipuri vyapatikana wapi? Gharama zake za kila mwezi nani atalipa? Na ufunguo atakuwa nao nani? Kama hamwezi kuyajibu manne hayo, semeni kwa upole, "Tupeni nafasi tukawaulize watu wetu." Kukataa zawadi namna hii si utovu wa shukrani. Mwenyeji mwema ataheshimu swali kuliko mashine inayotagiwa na kuku.

Kuhusu fedha zenyewe, tunaye Mtakatifu Paulo. Alipokusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuzichukua peke yake. Makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri pamoja na Tito, ili mtu yeyote asipate la kulaumu katika kazi ile. Kama Mtume alitaka mashahidi, sisi ni nani hata tusiwatake? Kwa hiyo zawadi yoyote mtakayopewa, hata kama ni noti moja iliyotiwa mkononi mlangoni mwa kanisa, iandikwe katika daftari jioni ile ile, na watu wawili watie sahihi. Daftari atalishika Bibi mweka hazina. Fedha za kazi zipelekwe katika akaunti ya Dayosisi, si katika mfuko wa mtu. Wala mtu asiahidi lolote kwa jina la Askofu.

Tena liko jambo la aibu ambalo lazima nilitaje. Mjumbe hurudi nyumbani, kisha baada ya miezi miwili humwandikia mwenyeji wake kwa siri, kwa simu: ada ya mtoto, bati za nyumba, matibabu ya shangazi. Mwenyeji hupeleka mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu huona haya kusema hapana, akaacha kujibu. Na mlango uliofungwa kwa ajili ya mmoja hufungwa kwa Dayosisi nzima. Mwenye shida aje kwa Askofu. Asichimbe shimo katika ukuta wa nyumba ya wote.

Neno la nne: mambo madogo ya njia

Mmekwisha kupeleka barua za mwaliko na taarifa za benki, na kutoa alama za vidole Dar es Salaam. Viza zenu ni za kutembelea, si za kufanya kazi. Afisa akiwauliza mwaenda wapi na mtarudi lini, mjibu kweli tupu, na majibu yenu yawe mamoja. Barua ya mwaliko iwe mkononi, si katika sanduku lililokwisha kupakiwa. Dawa zenu zikae katika vifuko vyake pamoja na cheti cha tabibu. Msichukue nyama wala maziwa, maana sheria yao hukataza. Na mtu yeyote akiwaomba uwanjani mmchukulie kifurushi, hata kama ni jamaa, mkataeni.

Saa zao ziko nyuma ya zetu, saa mbili wakati wa joto na saa tatu wakati wa baridi. Tena wao huhesabu tangu usiku wa manane, na saa tatu ya asubuhi yetu wao huiita tisa. Bibi akiambiwa mkutano ni saa tisa asipumzike mpaka alasiri. Atakuta wamekwisha na chai wameinywa! Mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa kumi ya jioni, na giza lile huingia moyoni mwa mgeni. Ombeni pamoja jioni, wala asiachwe mtu peke yake na huzuni.

Salamu zao ni fupi. Hawataulizia watoto, wala mifugo, wala mvua. Msiione kuwa ni dharau. Nanyi msikae mezani na simu. Chakula kisichowapendeza kionjeni. Zawadi zenu ziwe kanga na vinyago vidogo, maana mkono mtupu haulambwi.

Tena ombeni kuonyeshwa na yale wasiyopenda kuyaonyesha. Mtaona makanisa makubwa yenye watu wachache, na wazee wanaoishi peke yao. Mtaona ghala za chakula, nyingi zikiwa katika majengo ya makanisa, na Waingereza wenyewe wakija kupewa mkate kwa kuwa mshahara hautoshi. Msicheke, wala msistaajabu kwa sauti. Wasaidieni kupanga makopo. Mwalimu amtembelee mzee, Padre amwombee mgonjwa. Hapo ndipo kauli ile ya Toronto itakapokuwa kweli: kiungo chetu nacho kimetoa.

Neno la mwisho: kurudi

Musa aliwatuma watu kumi na wawili kuipeleleza nchi. Wote walirudi, na wote waliyaona mashamba yale yale, wakaleta na kichala cha zabibu kilichochukuliwa na watu wawili kwa mti. Lakini kumi kati yao walirudi wamejiona kuwa ni panzi. Habari yao ya zabibu ilikuwa ya kweli. Habari yao juu ya ndugu zao wenyewe ndiyo iliyokuwa ya uongo, nayo ikawazuilia watu wote miaka arobaini.

Kijana wetu mkulima, nakutazama wewe kwa upendo. Huko utaona barabara na mataa, na huenda mtu akakunong'oneza: baki, nitakupatia kazi. Ukibaki, utaishi kwa kujificha kila uonapo askari. Na mwaka ujao kijana mwingine wa mtaa wako ataomba viza, naye atakataliwa, wala hatajua ni kwa sababu yako. Mama yako ameniambia nisikwambie neno hili kwa ukali. Basi nakwambia kwa upole: rudi.

Na mkirudi, msilale na habari. Piteni katika mitaa yote iliyowatuma, mkaseme mliyoyaona, na mliyopewa, na mliyonyimwa, na mliyokosea. Daftari lisomwe kwa sauti. Na siku ile watakapoketi mbele yenu wale mliowasema ng'ambo, wake kwa waume, na pasiwepo hata mmoja wa kuwauliza aliuzwa kwa bei gani, hapo mtakuwa mmetumwa kweli, na mmerudi kweli.

Bwana awatangulie katika njia, awalinde angani na nchi kavu, azitie ndimi zenu kweli, na awarudishe kwetu salama, wote watano. Amina.